Likizo na Watoto Wadogo: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Likizo ya Agosti inapokaribia, barua zinazotufikia hapa Mombasa hubadilika. Wanaouliza kuhusu karo hupungua, na wanaoongezeka ni wazazi wenye watoto wa kubeba na wa chekechea, ambao wangependa kutoka na familia zao lakini wanahofu kwamba safari itawachosha kuliko kazi wanayopumzika. Katika toleo hili tumechagua barua tano, tukazifupisha na kuyaacha majina ya walioandika. Nitangulize msimamo wangu, kwa kuwa utaonekana katika kila jibu: familia yenye watoto wadogo hupata raha inapopanga siku zake kwa kumtazama aliye mdogo kuliko wote, saa anazolala, saa anazokula na jua analoweza kulistahimili, kisha wakubwa wakayaweka mambo yao katika nafasi inayobaki.

Swali

Nina watoto watatu, wa miaka saba, wa miaka minne na mdogo wa miezi kumi na minne. Baba yao amepata ruhusa ya siku sita mwezi wa Agosti, na tuna gari dogo. Tumepanga kulala Malindi siku mbili, tuendelee Lamu siku mbili, kisha turudi kupitia Tsavo ili watoto waone ndovu. Shemeji yangu anasema tunajitafutia taabu. Je, ni kweli? – Mama, Kisauni

Jibu

Mama mwenzangu, shemeji yako amesema kweli, na sababu zake zinafaa kuelezwa vizuri kwa sababu kosa hili la kupanga huonekana zuri sana likiwa bado kwenye karatasi.

Hebu tuihesabu njia. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, mwendo ambao mtu mzima peke yake huumaliza katika muda wa saa mbili na kitu. Nyinyi mtasimama Mtwapa kwa sababu wa miaka minne amebanwa na haja, mtasimama Kilifi kumbadilisha mdogo nepi na kumnyonyesha, na kama kuna anayetapika garini mtasimama tena mahali ambapo hamkukusudia. Nusu ya siku imekwenda. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 nyingine, na hapo gari huachwa, mkavuka kwa mashua pamoja na mizigo yote ya mtoto mchanga. Mkirudi, njia ni ile ile, na mkiingia Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, barabara za ndani ya hifadhi ni za vumbi, na gari dogo huziona tabu. Ukizitazama siku zenu sita kwa uangalifu, utaona kwamba angalau nne zina mwendo mrefu ndani yake, na mtoto wa miezi kumi na minne hatapata hata mahali pamoja pa kuzoea kulala.

Ushauri wangu ni mchague mahali pamoja na mkae hapo usiku wote mlio nao. Kwa familia yenu ningependekeza Watamu, na ningependekeza nyumba ya kujipikia badala ya hoteli. Hoteli ina raha zake, sipingi, lakini chakula chake huja kwa saa zake, na mtoto wa umri huo huamka saa kumi na moja alfajiri akidai uji. Mkiwa na jiko na jokofu dogo, uji unapikwa, samaki ananunuliwa asubuhi kwa wavuvi, na yule wa miaka minne anayekataa kila kitu isipokuwa wali mweupe anapata wali wake bila mtu kuona haya. Kabla hamjalipa, ulizeni mambo haya mahususi: je, kila kitanda kina chandarua kisicho na matundu, je, kuna bwawa la kuogelea lisilo na uzio, na je, maji hupatikana saa zote. Bwawa lisilo na uzio ni sababu ya kutosha kuiacha nyumba nzuri na kuchukua ya kawaida.

Siku zenyewe zipangwe kwa jambo moja tu la kutoka nyumbani, nalo lifanywe asubuhi. Siku ya kwanza msiende popote. Watoto waachwe waijue nyumba, wachimbe mchanga, walale. Siku ya pili nendeni Gede, ambako ni karibu sana na Watamu. Ule mji wa kale wa Waswahili, wenye nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti mkuu na kasri, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, lakini watoto wenu watakachokipenda ni kivuli. Magofu yamo ndani ya msitu, miti mikubwa imepita juu ya kuta, na mtoto wa miaka saba anaweza kutoka chumba hadi chumba akikisia jiko lilikuwa wapi na kisima kilikuwa wapi. Mwambieni mapema kwamba kuta hazipandwi. Ndizi na mikate ibaki ndani ya mkoba uliofungwa, kwa maana kima wa pale hawaogopi mtu na humpokonya mtoto chakula mkononi. Pembeni mwa magofu pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kupata riziki bila kukata miti. Ndani ya banda la wavu vipepeo hupita karibu na uso wa mtoto, na hapo ndipo mdogo wenu wa miezi kumi na minne atakapofurahi kuliko wote.

Siku nyingine inaweza kuwa ya Mida, kwenye mikoko, na nyingine ya kuwaona kasa katika kituo cha Local Ocean Conservation, wanakotibiwa kasa walioumia. Msijipangie kwa uhakika safari ya mashua kwenda matumbaweni. Agosti kusi bado inavuma na bahari huchafuka, hivyo asubuhi ya siku yenyewe muulizeni nahodha, na akisita, msimshawishi.

Kuhusu ndovu, wawekeeni safari yao. Likizo nyingine mnaweza kulala Voi, ambako lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji, mkaingia hifadhini mapema na kutoka kabla ya joto. Miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndovu hukusanyika kwenye maji na ni rahisi kuwaona, wakiwa wekundu kwa udongo wa huko. Saa mbili zinamtosha mtoto wa miaka minne. Kumbukeni kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ovyo, na mtoto akibanwa na haja katikati ya mbuga hamtakuwa na pa kumpeleka, kwa hiyo poti ya plastiki na mifuko iwe chini ya kiti. Mkitaka jambo la karibu zaidi, Shimba Hills kule Kwale iko umbali wa asubuhi moja kutoka Mombasa, kuna ndovu, na kuna palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma.

Swali

Mimi na mke wangu tunataka kuwapeleka mapacha wetu wa miaka minne na mdogo wao wa miaka miwili Nairobi kwa ami yao. Basi la usiku lingewafanya walale njia nzima. Treni ni ya mchana na naona watasumbua. Tuchague lipi? – Baba, Tudor

Jibu

Bwana, chagua treni, na uchague ile ya asubuhi inayosimama vituoni. Hoja ya kulala njiani ni ya kweli kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili kwenye basi hulala mapajani mwa mama yake, na mama huyo halali hata kidogo, kisha mnafika Nairobi alfajiri watoto wakiwa macho na nyinyi mkiwa hoi. Isitoshe, barabara ile usiku imejaa malori, na watoto wengi hukaa humo bila mkanda.

Kwenye treni wanaweza kusimama, kutembea hadi mwisho wa behewa na kurudi, na kwenda msalani bila dereva kuombwa asimame. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Walio kati ya miaka mitatu na kumi na mmoja hulipa nusu, na walio chini ya miaka mitatu hawalipi lakini hawapewi kiti. Kwa hiyo nyinyi mtalipa shilingi 4,500 kwenda, na mdogo atakaa mapajani. Safari ni ya takriban saa sita, kwa hiyo pokezaneni kumpakata, na msiifanye kuwa kazi ya mama peke yake. Viti vya daraja la kawaida vimetazamana na migongo yake hailazwi nyuma, lakini kwa familia hilo ni jambo jema, kwa kuwa mapacha watakaa mbele ya macho yenu.

Nunueni tikiti mapema iwezekanavyo, maana katika wiki za kufunga na kufungua shule treni hujaa. Bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fikeni Miritini saa nzima kabla ya kuondoka, kwa sababu mizigo hukaguliwa kwa mbwa na kwa mashine, na kisu cha kumenyea matunda kitachukuliwa. Matunda yamenywe nyumbani. Msiwape watoto vitu vyote vya kuchezea pamoja mnapoketi. Wapeni kimoja Mariakani, kingine Voi, kingine Mtito Andei. Kati ya Voi na Mtito Andei reli inapita Tsavo, na hapo kazi yao iwe kutafuta ndovu dirishani. Waelezeni pia kwamba chini ya reli yameachwa mapito ili wanyama wavuke, jambo ambalo watoto wa umri huo hupenda sana kulifikiria.

Jambo moja ambalo watu wa Pwani hulisahau: Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Agosti ni mwezi wa baridi huko. Sweta, soksi na kofia za watoto ziwe kwenye begi la mkononi, maana mtashuka Syokimau kabla hamjafungua masanduku. Huko mkipata asubuhi moja, wapelekeni watoto kuwaona ndovu yatima wa Sheldrick Wildlife Trust. Wageni huruhusiwa kwa saa moja tu kila siku, kuanzia saa tano asubuhi, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Saa moja ni kipimo kizuri kwa mapacha wa miaka minne.

Swali

Dada yangu anaishi Uingereza na atakuja na wanawe wawili, wa miaka mitano na mitatu, waliozaliwa huko. Tulimwomba aje Desemba wakati wa sherehe, akasema haiwezekani, lazima iwe Agosti. Watoto hawa hatujawahi kukaa nao. Tujitayarishe vipi? – Msomaji, Majengo

Jibu

Kwanza msimlaumu dada yenu kwa tarehe. Likizo ndefu ya shule za Uingereza ni ile ya kiangazi chao, takriban wiki sita kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzo wa Septemba, ilhali ya Desemba ni ya wiki mbili tu, na nauli ya ndege wakati huo hupanda sana. Mzazi anayemwondoa mtoto shuleni wakati wa masomo bila ruhusa anaweza kutozwa faini, ambayo tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, nayo huongezeka maradufu asipolipa kwa wakati. Zaidi ya hayo, Agosti ina manufaa kwenu. Shule zetu nazo hufungwa kwa takriban wiki tatu mwezi huo, kwa hiyo binamu watakuwa nyumbani pamoja, na hali ya hewa ni nzuri kwa mgeni, kwa kuwa kusi hupunguza joto.

Mambo ya makaratasi ni mafupi. Tangu Januari 2024 anayeingia Kenya kwa pasipoti ya Uingereza huomba idhini ya kusafiri kwa njia ya intaneti kabla ya kuondoka, na kila mtoto huombewa yake. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi Mkenya ni raia kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na dada yenu akitaka kuwachukulia watoto pasipoti za Kenya anaweza, ila aanze mapema sana, wala asiitegemee kwa safari hii.

Malaria ndiyo ningependa ipewe uzito zaidi ya yote. Nasikia mara nyingi maneno haya: "Hawa ni damu yetu, malaria haitawasumbua." Si kweli. Watoto waliozaliwa Uingereza hawana kinga yoyote, na hata mama yao, ikiwa ameishi huko miaka mingi, kinga aliyokuwa nayo imepungua. Waende kwa daktari au mfamasia huko wiki kadhaa kabla ya safari. Dawa za kinga huanzwa kabla ya kufika na huendelea baada ya kurudi, na dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Nyinyi hapa kagueni vyandarua sasa, mshone matundu, na muwe na mazoea ya kuvishusha kabla ya magharibi. Mtoto akipata homa akiwa hapa, apimwe siku hiyo hiyo. Akiipata baada ya kurejea, hata miezi kadhaa baadaye, mama amwambie daktari wa huko bila kungoja kuulizwa kwamba mtoto alikuwa Mombasa.

Usingizi nao utawashangaza. Agosti saa zetu ziko mbele ya zao kwa saa mbili, na kwao jua huchwa baada ya saa mbili usiku. Mtoto aliyezoea kulala saa mbili usiku kwao atakuwa macho hapa hadi saa nne, kisha ataamka jua limekwisha kuwa kali, na hivyo kuzikosa zile saa za asubuhi ambazo ndizo bora za kutoka. Msimwache alale mpaka aamke mwenyewe. Mwamsheni mapema kidogo kila siku, mtoeni nje penye mwanga, na baada ya siku tatu au nne atakuwa amefuata mwendo wa nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, msiwapangie matembezi ya jamaa katika siku hizo za mwanzo. Najua kila shangazi atataka kuwaona, na kutowapeleka kutaonekana ni kiburi. Afadhali jamaa waje nyumbani, kwa zamu, watoto wakiwa na ruhusa ya kwenda kulala.

Chakula kisicho na pilipili kitengwe kabla ya kuungwa, maji yachemshwe, na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki ziwe kabatini kabla hawajafika. Kwenye pakiti pameandikwa kiasi cha maji ya kuchanganyia. Fuateni hicho hicho, msikikadirie kwa macho. Mtoto anayeharisha na kutapika kila anachokunywa, au asiyekojoa, au anayelegea, hapaswi kukaa nyumbani kungoja asubuhi.

Swali

Mwaka huu hatuna pesa za kusafiri. Mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu, na watoto ni wa miaka sita na mitatu. Wanasikia wenzao wakienda Diani na Nairobi. Je, kuna likizo ya kufanya bila kutoka Mombasa? – Mama, Changamwe

Jibu

Ipo, na ningependa kuieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wetu wako katika hali yako na hawaandiki.

Chagua siku mbili katika kila wiki na uwatangazie watoto mapema kwamba ni siku zao za kutoka, kisha usizivunje kwa kazi za nyumbani. Mtoto wa miaka sita hufurahia kungoja karibu kama anavyofurahia kufika. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ina ada nafuu kwa raia, hivyo beba kitambulisho, uende asubuhi, na umruhusu mkubwa akae penye mizinga anavyotaka. Usijaribu kuwaonyesha kila kitu. Kule juu ya kuta mshike mdogo mkono wakati wote. Jioni ya siku nyingine nendeni Mama Ngina, ambako hakuna kiingilio. Mketi chini ya mibuyu mkila viazi vya karai na kachri, mtazame meli zikipita mlangoni mwa Kilindini. Kwa watoto ambao baba yao anafanya kazi bandarini, kuiona meli ikiingia na kuambiwa kwamba huenda ndiyo atakayoipakua usiku ni jambo kubwa kuliko hoteli.

Haller Park ya Bamburi inataka pesa kidogo zaidi, basi iwe ya mwisho wa likizo. Pale palikuwa na machimbo ya saruji, ardhi tupu isiyoota kitu, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ndiyo iliyostahimili, na majongoo wakaletwa ili wale majani makavu na kuyageuza kuwa udongo. Waonyeshe watoto jongoo na uwaeleze kazi yake, kisha uwapeleke kuwaona twiga na kobe wakubwa. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee wa kiume kana kwamba ni mama yake, wakala na kulala pamoja. Ni kisa cha kweli, na watoto wangu walitaka kusimuliwa tena na tena.

Bahari yenyewe ni ya bure, lakini inahitaji kupangiwa saa, na hapa wazazi wengi wa mjini wamepoteza elimu ya wazee wao. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani mwanzo na katikati ya mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua. Siku hizo hapa Mombasa maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa sana karibu saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kupita mita tatu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, na maji hujaa karibu saa nne asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukishayajua hayo, kalenda ya mwezi iliyotundikwa ukutani inakutosha.

Kwa kuoga na mtoto wa miaka mitatu, chagua asubuhi za maji mafu, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu, jua likiwa bado na huruma na maji yakipanda taratibu. Kwa kutazama vidimbwi vya mwambani, chagua asubuhi ya bamvua, mfike saa mbili maji yakiwa bado yanarudi nyuma, na mwanze kurejea ufukweni kabla hayajageuka. Watoto wavae viatu vya mpira, kwa sababu ya wale viumbe wa miiba mieusi wanaojificha penye mawe. Kilicho hai kiachwe pale kilipo. Ikifika saa nne muwe mmeondoka kwenye jua, na msirudi hadi baada ya saa kumi.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, ni mzuri siku za katikati ya wiki. Siku za Idi, Krismasi na mwaka mpya usimpeleke mtoto mdogo huko. Watu ni wengi mno kiasi kwamba mtoto hupotea mbele ya macho. Na popote muogapo, mtoto wa miaka mitatu awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, hushuka kimya, na watu wanaozungumza hatua chache kutoka hapo hawasikii kitu. Mkiwa watu wazima kadhaa, atajwe mmoja kwa jina kuwa ndiye anayetazama, asishike simu, na akichoka amkabidhi mwenziwe kwa maneno. Yale maboya ya tairi yanayokodishwa ufukweni ni ya kuchezea tu. Upepo huyasukuma haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

Swali

Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane. Kila likizo wanangu huniletea wajukuu, safari hii ni sita, mdogo ana miaka miwili. Nawapenda, lakini magoti yananiuma na huwa nashindwa kusema. Nifanyeje? – Bibi, Likoni

Jibu

Shikamoo Bibi. Kwa idhini yako nitawajibu wanao, maana naamini nao husoma ukurasa huu.

Mama yenu hatakataa, na ndiyo maana inawapasa nyinyi kupanga kwa niaba yake. Wajukuu sita pamoja ni wengi mno. Wagawanyeni, watatu wiki moja na watatu wiki inayofuata, na huyo wa miaka miwili aje pamoja na mzazi wake au asije. Leteni msichana wa kusaidia kazi na mumlipe nyinyi. Pesa za chakula zitumwe kabla ya watoto kufika, si baada ya mama kukopa dukani. Wekeni kwenye bahasha nakala za vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima ya afya, orodha ya dawa na mizio ya kila mtoto, na nambari ya simu ya mzazi ambayo hupokewa. Dawa za mama mwenyewe zifungiwe kabatini kabla mtoto wa kwanza hajaingia ndani, kwa kuwa vidonge vya presha vilivyoachwa juu ya meza huweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Pipa la maji la uani lifunikwe kwa kifuniko kizito.

Nawe Bibi, siku watakapokupigia simu kuulizia likizo, waambie idadi unayoiweza na siku unazoziweza, kisha waache wao watafute njia ya waliobaki. Tarehe ya kuja kuwachukua watoto iandikwe ukutani wanapoletwa, mbele ya mzazi aliyewaleta.